Kijiti cha Meno

Niliingia katika michezo ya kimya kwa sababu sikufaa kwa kitu kingine. Afadhali niseme hivyo tangu mwanzo, maana watu wakisikia kwamba nilipokuwa msichana nilikuwa naigiza mbele ya umati bila kutamka neno, hudhani nilikuwa na kipaji. Nilikuwa na miguu mirefu isiyojua ngoma na sauti ya mlango unaohitaji mafuta. Wakati ule kila mtaa wa Kisangani ulikuwa na kikundi chake cha vijana wa chama, na kazi kubwa ya kikundi ilikuwa animasyo: kuimba na kucheza kumsifu kiongozi wa nchi, wasichana mbele na vitenge vya sare, wavulana nyuma na ngoma. Mama mmoja wa chama, aliyekuwa akituchagua pale mtaani kwetu Kabondo, alinitazama nikizungusha kiuno mara mbili tu, akafumba macho kama mtu anayeumwa jino.

"Weye, mama, enda kule kwa mwalimu," akasema. "Kule kwa bale mabubu."

Mabubu tulikuwa tisa. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, aliyefundisha darasa la pili mpaka sauti ikamwishia. Watoto sabini, vumbi la chaki, na mvua juu ya bati: alipiga kelele miaka minane, na mwaka wa tisa koo likagoma. Daktari akamkataza kupaza sauti. Akabaki na mnong'ono tu, na kwa mnong'ono huwezi kufundisha watoto sabini, kwa hiyo shule ikampa kazi ya kutunza vitabu na chama kikampa sisi. Nadhani hakuna aliyetarajia kitu. Aliyekosa sauti na waliokosa kiuno, wakae pamoja.

Alikuwa na sheria chache, na kubwa kuliko zote ilikuwa hii: kitu ulichokishika lazima ukiweke chini. Ukichukua kikombe ambacho hakipo, ukanywa maji ambayo hayapo, huwezi kuachia mkono tu ukaenda kujikuna. Kikombe kimeanguka. Watu wamekiona kikianguka, hata kama wenyewe hawajui kwa nini ghafla hawakuamini tena. Mmoja wetu akisahau, mwalimu aligonga benchi kwa kifutio cha ubao, vumbi jeupe likapanda, na sote tukajua kuna kitu kimeachwa hewani.

"Weka chini," alinong'ona. "Weka chini kwanza, ndiyo uende."

Sheria nyingine hakuitunga yeye. Waliitunga watazamaji. Watu wa Kisangani hawawezi kutazama kitu na midomo imefungwa. Hata matangani mtu atatoa maoni. Tulipoanza kuonyesha michezo yetu Jumapili mchana katika ukumbi wa shule, walitugeuza kitendawili. Ukitembea na mzigo kichwani wanapiga kelele: ndizi! kuni! makaa! Na ukiendelea kabla hawajapata, wanakasirika. Mwalimu alihangaika nao mwezi mzima, kisha akasalimu amri. Ikawa desturi: mwigizaji anafanya, watu wanataja, na wakitaja sawasawa yeye anaitikia kwa kichwa, mara moja, kwa uzito, ndipo anaendelea. Wakikosea anarudia. Kulikuwa na kijana mmoja wa familia za wavuvi wa maporomoko. Akivuta kamba ya mgono wake, ule mtego wa samaki, watu wa benchi la mbele walirudisha miguu wasilowe.

Tulizoea desturi hiyo mpaka ikaingia mwilini. Nyumbani mama akiuliza, "Ulisha osha sufuria?" niliitikia kwa kichwa, mara moja, kwa uzito, mpaka nikapata kofi la mgongo.

Sasa niseme habari za baba.

Tulitoka Maniema nikiwa mdogo, kwa boti hadi Ubundu na kwa treni hadi Kisangani, kwa sababu baba alijua kuandika mwandiko mzuri na duka moja kubwa la mjini lilihitaji karani. Mwenye duka alikuwa mgeni aliyenunua mpunga na kuuza vitambaa. Kisha serikali ikachukua maduka ya wageni ikawagawia raia, na duka la baba likapata mwenyewe mpya, aliyekuja na malori, akapakia vitambaa, baiskeli, hata mizani, akaondoka zake. Zikabaki rafu. Baba akabaki na funguo na daftari. Kila asubuhi alivaa abakosi yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai ambayo wanaume wote walitakiwa kuvaa, akaenda kufungua duka tupu, kwa kuwa alikuwa ameambiwa bidhaa zitakuja.

"Siku bidhaa itafika," alisema, "batamukuta nani?" Hakuwa anatania.

Aliyetulisha ni mama. Aliuza makayabu, samaki wa chumvi, katika soko la Tshopo, akarudi jioni na kupika mara moja kwa siku. Lituma iliyobaki, yaani ndizi zake za kuponda, ndiyo iliyokuwa chakula chetu cha mchana siku ya pili, sisi watoto watano, mimi nikiwa mkubwa na mgawaji. Saa sita baba alirudi kwa miguu, jua utosini. Tukimkaribisha alisema, "Kuleni, bana. Mie nilisha kula kule ku kazi." Jioni pia alikula kidogo tu. Mchana alikuwa ameshiba, alisema.

Halafu alikuwa na jambo lake. Alikwenda nyuma ya mlango, mahali ulipokaa ufagio wa mama wa chelewa, akachomoa kijiti kimoja, akakivunja kwa urefu wa kidole. Akatoa kiti nje, akakaa ukutani kwenye kivuli chembamba cha bati, uso barabarani, akachokonoa meno. Watu walipita na baiskeli zao. "Papa, ulisha kula?" "Nilisha kula, asante." Akanywa glasi ya maji, nusu, akaiweka chini. Akaweka mkono tumboni. Ilikuwa hivyo nusu saa nzima, kila siku ya Mungu. Mama alikuwa sokoni na hakuliona hilo. Alilalamika juu ya ufagio tu.

"Ufagio yangu inakonda," alisema jioni. "Sijui ni panya gani inakula chelewa."

Nilikuwa na miaka kumi na minne na njaa, na nilimchukia mtu aliyeshiba. Mwenzangu wa darasani alikuwa amenieleza jinsi wanaume wa mjini walivyo: wana biro ya pili, yaani mwanamke wa pembeni, na huko ndiko wanakokula nyama. Nikajumlisha mwenyewe. Duka tupu halimlishi mtu. Kwa hiyo mwanamke yupo. Mahali fulani katika Kisangani hii kuna sufuria la samaki wabichi katika mawese, baba analimaliza, kisha anakuja kukaa mlangoni kwetu kutuonyesha meno. Nilipita karibu naye makusudi, nikavuta pumzi nisikie harufu. Nilisikia sabuni na karatasi za daftari. Hata hilo nililiona ujanja: amenawa.

Zilipobaki wiki mbili kabla ya sikukuu ya mtaa, mwalimu alitupa kazi. Kila mmoja alete mtu wa kwao.

"Musiniletee mufalme," alinong'ona, sisi tumemzunguka vichwa vikigusana ili tumsikie. "Musiniletee askari. Muniletee mutu mumoja mwenye munaona kila siku, na kitu kimoja anafanya."

Sikufikiri hata kidogo. Nilijua nitamleta nani.

Nilimtazama baba wiki mbili, na sidhani kama nimewahi kumtazama mtu vile tena, hata wale niliowapenda. Nilijibanza dirishani na mdogo wangu wa mwisho pembeni. Niliona kwamba kabla ya kukaa alimeza mara moja, kavu. Niliona kwamba kijiti hakikuenda nyuma; kilizunguka meno ya mbele tu. Alikitoa, akakitazama ncha, akakirudisha. Hakutema kamwe. Na ule mkono wa tumboni haukupapasa, ulikandamiza, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo. Nilijifunza yote hayo kwa chuki nzuri kabisa, moja baada ya jingine, na sikuelewa hata moja.

Nilipomwonyesha mwalimu, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena.

"Ule mutu ni nani?"

"Ni papa."

"Anafanya vile kabisa? Hatemi kitu?"

"Hatemi, mwalimu."

"Na ule mukono, anakandamiza vile?"

Niliitikia kwa kichwa. Alikaa kwenye benchi, kifutio magotini, suruali ikaingia chaki.

"Bon," akasema. "Lakini unaweza kuniletea mama yako, vile anauzisha makayabu. Ile itachekesha batu."

"Minataka papa."

Alinitazama. Mimi mpumbavu nilidhani anaonea wivu ufundi wangu. "Alors, fanya muzuri," alinong'ona. "Usiongeze kitu." Angeweza kunikataza. Nilimkasirikia miaka mingi kwa kutonikataza, mpaka siku moja nikakumbuka kwamba jioni za mazoezi, sisi tulipogawana mihogo ya kuchemsha, yeye naye alisema ameshiba, na kila mara alikuwa na kitabu cha kupanga upya upande wa pili wa chumba.

Siku ya sikukuu ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wakubwa wa chama walikaa mbele, animasyo ikaimba na kuzungusha viuno kwa saa nzima, kisha tukaitwa sisi. Sikuwa nimemwalika baba. Mama ndiye aliyemleta, na wadogo zangu wote. Wa mwisho, mwenye miaka mitano, alikaa mapajani kwa baba, benchi la tatu. Baba alivaa abakosi ya kijivu, mama alikuwa ameipiga pasi.

Nilipomwona nilifurahi. Nataka kulisema hili wazi, kwa sababu watu hunifariji kwa kusema nilikuwa mtoto. Nilifurahi kwamba yupo. Nilitaka amwone yule mtu aliyeshiba, mama naye amwone, na mtaa mzima umcheke.

Niliingia. Nikasukuma mlango. "Mulango!" Nikaitikia. Nikainama nyuma yake, nikachomoa. "Ufagio!" mwanamke mmoja akapaza sauti, na mwingine akaongeza, "Anaiba ufagio ya bibi yake!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nikaitikia. Nikatoa kiti. "Kiti!" Nikameza mara moja, kavu, nikakaa, nikaweka kijiti mdomoni, meno ya mbele tu, nikakitazama ncha. "Kijiti! Kijiti ya meno!" Nikaitikia. Nikanywa glasi nusu, nikaiweka chini pale pale ilipotoka. "Maji!" Nikaweka mkono tumboni, nikakandamiza, nikasubiri neno la mwisho.

"Ameshiba!" kijana mmoja akasema kutoka dirishani.

Kichwa changu kilikuwa tayari kinashuka. Lakini benchi la mbele pembeni alikaa mama mmoja mzee, muuza kwanga, ile mikate ya mihogo, ambaye kila mtu alimjua, naye akasema, wala hakupaza sauti:

"Wapi. Angalia koo. Ule mutu hajakula."

Kicheko kikakatika. Nilisikia mtu nyuma yake akisema, "Ni kweli. Ni nzala." Neno likarudi nyuma, benchi hadi benchi, wengine kwa Lingala, wengine kwa Kiswahili, nzala, njaa, nzala, si kwa kelele, kama watu wanaopitishiana kitu mkononi. Wanawake walinitazama mimi. Wanaume walitazama viatu vyao. Mwanaume mmoja aliyesimama ukutani alikuwa na kijiti mdomoni. Nilimwona akikitoa polepole na kukitia mfukoni.

Mkono wangu ulikuwa bado tumboni, na chini ya kiganja nikaisikia njaa, ile aliyokuwa akiizuia. Kiganja kilikuwa kimejua wiki mbili. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Na hapo mdogo wangu, aliyekuwa hajawahi kupata jibu hata moja katika michezo yetu yote, akalipata. Alisimama juu ya mapaja ya baba, akanyoosha kidole, uso umejaa furaha.

"Ni papa! Ni papa yetu! Ni papa!"

Kichwa changu kikaitikia. Mara moja, kwa uzito, kama tulivyozoea.

Sikukusudia. Nimewaeleza watu mara nyingi kwamba ulikuwa mwili tu, mazoea tu, na ni kweli. Lakini mtaa mzima uliniona nikikubali. Vichwa vikageuka kuelekea benchi la tatu. Baba alimshika mtoto kiunoni ili asianguke, akamkalisha, kisha akapiga makofi. Yeye ndiye wa kwanza kupiga, mikono yake ikizunguka kifua cha mtoto, pa, pa, pa, mpaka wengine wakaona aibu na kumfuata. Mimi nikatoka na kijiti bado mkononi. Sikukiweka chini, na mwalimu hakugonga benchi.

Tulirudi nyumbani kwa mstari, baba mbele, mtoto mabegani mwake bado akijisifu. Jioni mama alipika kama kawaida. Akampakulia baba kwanza, sahani imejaa, akakaa mbele yake na mikono magotini. "Kula," akasema. Akala. Mama alimtazama mpaka mwisho, machozi yakimtoka. Hakuwa akijua. Alidhani pale kazini makarani wanachanga na kununua chochote. Mama alinipiga kwa mambo mengi madogo maishani. Kwa hili hakunigusa, na ningependa angenipiga.

Siku iliyofuata sahani zikaanza kuja. Jirani mmoja lituma na kipande cha samaki, mwingine pondu, yaani kisamvu, zimefunikwa kwa majani, "ni ya papa tu". Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, kwa hiyo kila moja mama aliirudisha na kipande cha makayabu kutoka katika bidhaa zake, na beseni lake la sokoni likazidi kupungua. Baba hakugusa hata moja. Alizitazama zimepangwa juu ya meza, akauliza, "Nani aliomba?" Hakutaka jibu. Toka siku hiyo hakurudi tena saa sita. Alibaki dukani, kati ya zile rafu, mpaka jioni. Kiti kilikaa ndani. Ufagio wa mama ukaacha kukonda, na kila nilipofagia nilisikia uzito wake.

Sikurudi kwa mwalimu. Sikujiongezea tena chakula sahanini. Nilichotaka ni kitu kimoja: kumwomba baba msamaha ili atoe kiti chake nje. Nilijaribu. Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, tulipangwa yeye na mimi kwenye mtaro mmoja, hakuna mtu karibu. Nilisimama na jembe, nikafungua mdomo. Baba akageuka.

"Shika jembe chini kidogo, mama," akasema. "Utaumia mukono."

Nikashika chini kidogo. Nikalima mtaro wote. Kumwomba msamaha kungekuwa kumwambia tena, safari hii kwa maneno, kwamba nimeona. Kwetu mtoto hamwambii baba habari za njaa ya baba.

Miezi mitano ikapita hivyo. Kisha akaja mtu kutoka Bafwasende, mnunuzi wa dhahabu ya wachimbaji wa mtoni, aliyetafuta mtu wa kumwandikia daftari, na baba akakubali siku ileile. Alimwachia funguo fundi wa cherehani wa jirani na duka, pamoja na maelezo ya bidhaa zikifika zipangwe wapi. Mama alimbishia usiku mmoja tu. Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza wote mpaka kwenye malori. Hakuvaa abakosi. Alivaa shati la zamani, na ndani yake alikuwa mdogo kuliko nilivyomjua.

Alimpa kila mtoto mkono kichwani. Kwangu alisema, "Soma." Akapanda juu ya magunia, akakaa kati ya abiria wengine, na dereva akawasha.

Injini ile ilikuwa na kelele ya kuziba masikio. Baba alituambia kitu kutoka juu. Tuliona midomo tu. Alijaribu tena. Kisha akaacha kusema, akanitazama mimi, na akafanya jambo ambalo sikulitarajia hata kwa ndoto.

Alinawa mikono. Alimiminiwa maji na mtu asiyekuwapo, akayakung'uta. Akapokea sahani, akaipakata kwa mkono wa kushoto, na ilikuwa nzito, niliona uzito wake kwenye kifundo. Akakata tonge, akaliviringisha, akachovya. Akatafuna muda mrefu. Alipomeza, koo lilipanda na kushuka taratibu, koo la mtu ambaye kitu kinapita. Akakata tena. Abiria wakaanza kucheka na kumpisha nafasi. Mwishoni akachomoa kijiti kutoka hewani, akakipeleka nyuma kabisa, kwenye magego, akahangaika na kitu kilichokwama huko, akakitoa, akageuza kichwa na kutema nje ya lori. Akapapasa tumbo, kwa wepesi, mara mbili. Na akasubiri.

"Papa anakula!" mdogo wangu akapiga kelele, anarukaruka. "Papa anakula!"

Baba hakuitikia. Alinitazama mimi. Nikaelewa kwamba desturi ni desturi, na jibu analotaka ni langu.

Nilipaza sauti yangu ya mlango mbovu kuliko nilivyowahi kuipaza. "Umeshiba, papa! Umeshiba!"

Aliitikia kwa kichwa. Mara moja, kwa uzito. Sijawahi kusamehewa na mtu vizuri vile, na nilianza kulia pale pale kwa raha.

Lori likashtuka kwa mbele. Wote waliokuwa juu wakapepesuka, na baba akashika kamba kwa mikono miwili, sahani ikaachwa hewani. Nilikimbia nyuma ya lori. "Weka chini! Papa, weka chini kwanza!" Watu wa pale walidhani kuna mzigo wetu umesahaulika juu, wakaanza kumpigia dereva miluzi. Halikusimama.

Mara mbili madereva walituletea habari. Mara ya kwanza ilikuwa gunia la mchele, mara ya pili gunia jingine na karatasi yenye ule mwandiko mzuri: mko wazima, mimi mzima, ninakula vizuri. Hayo maneno ya mwisho aliyapigia mstari chini. Nilijua ameyapigia kwa ajili yangu. Tulikula mchele ule mchana na jioni, wadogo zangu wakanenepa mashavu, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza tena kujiongezea chakula sahanini.

Mara ya tatu dereva alikuja bila gunia, akavua kofia mlangoni. Ilikuwa homa, wakati wa mvua, na barabara imekatika. Walikuwa wamemzika huko huko.

Kwenye matanga mtaa wote ulikuja. Yule mama muuza kwanga alikaa na mama siku zote. Mwalimu alikuja, akakaa karibu na mlango. Dereva naye alirudi siku ya pili, kwa heshima, na mama akamwomba amweleze jinsi mumewe alivyoishi kule. Dereva alikuwa mtu mwema na alitaka kutufariji.

"Mama, bwana yako alikuwa mutu ya heshima sana," akasema. "Siku zote tukifika kule, tunapika, tunamwita: papa, kuya tukule. Anakataa. Anasema, mie nilisha kula. Na ilikuwa kweli, si ya uongo! Unamukuta inje, amekaa ku kiti yake, na kijiti ku meno. Anachokonoa kule nyuma kabisa, anatema chini. Mutu ya kushiba."

Watu waliitikia, ee, ee, wakaona ni sifa nzuri. Mama aliweka kichwa magotini. Nilimtazama mwalimu, naye alikuwa akinitazama, na nikajua kwamba katika chumba kile ni sisi wawili tu tuliolijua jambo moja zaidi. Pale Kabondo baba hakuwahi kutema, wala kupeleka kijiti nyuma. Hilo ndilo lililomfichua. Mimi ndiye niliyemwonyesha, mbele ya mtaa mzima, kila mahali uongo wake ulipotoboka: meno ya mbele, koo kavu, ule mkono unaokandamiza. Alikaa benchi la tatu na mtoto mapajani akajifunza yote, akayarekebisha, na siku ya kuondoka akayajaribu kwanza kwangu, fundi wake, aone kama yamekaa sawa.

Nami nilikuwa nimemtazama wiki mbili bila kupepesa, nalijua koo lile kuliko mtu yeyote. Nilipaza sauti kwamba ameshiba, na niliamini.